Gurudumu la Mtu wa Nyumbani

Celedonio Ugalde aliletwa nyumbani kwa baba mkwe wake amelazwa juu ya mlango. Mlango ulikuwa wa mama mmoja aliyekaa chini ya mteremko. Wanaume waliung'oa bila hata kubisha hodi, na mwenyewe akawa anakimbia kando yao, hadai mlango wake, ameushika mkono wa majeruhi usije ukaburuzika. Walikatiza ua wa Fundi Baudilio Quesada, wakapita karakana yenye magurudumu yaliyoegemezwa ukutani yakisubiri rangi, wakaingia ndani moja kwa moja. Nyumba hiyo ilikuwa karibu na barabara kuliko ya Celedonio mwenyewe.

Otilia alikuwa jikoni kwa mama yake anapiga tortila, mikate myembamba ya mahindi. Alitoka na donge la mahindi mikononi.

"Nani huyo?" aliuliza, ingawa kofia alikuwa ameshaiona.

"Gurudumu limefumuka, Otilia," alisema Fulgencio, mwendesha mkokoteni mwenzake Celedonio, huku anahema. "Pale kwenye kona. Pete ya chuma imechomoka, vipande vikatawanyika, mkokoteni ukamlalia na kahawa yote."

"Anapumua?"

"Anapumua. Ila usimguse kifuani."

Celedonio alikuwa macho. Midomo ilikuwa myeupe kwa vumbi. "Maksai wako wapi?" akauliza.

"Wazima wote wawili. Tulia, bwana."

"Mfungue nira yule wa kushoto, ana kidonda."

"Nimeshamfungua. Tulia."

Walimlaza kwenye kitanda cha wakwe. Mama Domitila, mamake Otilia, alitandua kwanza shuka jipya, kisha akajionea aibu mwenyewe, akalitandika tena.

Uani watu walikuwa wamejaa. Nicanor, msimamizi wa kiwanda cha kahawa, alifika juu ya farasi, mkononi ana kipande kimoja cha gurudumu. Gurudumu la kwetu halina vijiti vya kati. Ni vipande vya mbao vilivyochongwa kama vipande vya chungwa, vikabanwa pamoja na pete ya chuma, na pete hiyo ndiyo roho yake. Nicanor alikigeuzageuza kile kipande, akakigonga kwa kidole.

"Kavu kama mkate wa juzi," alisema. "Huyu hakulowesha."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Januari kwetu upepo hukausha hata mate mdomoni, na mbao hunywea ndani ya pete. Kwa hiyo kila jioni mwenye mkokoteni huyasukuma magurudumu yake hadi kijitoni, mbao zikanywa maji usiku kucha, zikavimba, asubuhi pete ikawa imebana tena. Asiyelowesha huhesabiwa pamoja na wale wasionawisha watoto wao uso. Watu walitazamana, na mwanamke mmoja akasema, "Masikini, uvivu kidogo tu," kwa sauti ya huruma ambayo ilikuwa mbaya kuliko tusi.

"Au wewe unaonaje, fundi?" Nicanor akamgeukia Baudilio. "Gurudumu ni kazi ya mkono wako."

Fundi Baudilio alikuwa amesimama mlangoni pa karakana, ameishika ile pete iliyochomoka. Alikuwa mtu wa maneno machache siku zote, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa alipoitazama pete, akatikisa kichwa polepole, akaingia ndani. Watu walidhani anamsikitikia mkwewe. Ni kweli alikuwa anamsikitikia, lakini hilo halikuwa jibu la swali aliloulizwa.

*

Daktari alikuja kutoka mjini, akambonyeza mgonjwa tumbo, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko alivyompima. Nje alimwambia Mama Domitila amwite padri. "Leo?" aliuliza mama. "Si lazima leo," alisema daktari, "lakini msichelewe sana."

Otilia alisikia yote. Hakulia. Alikwenda karakana, akamkuta baba yake amepiga magoti sakafuni. Alikuwa amevipanga vipande vya gurudumu lililofumuka, kimoja kimoja, hadi duara likarudi, na ile pete ameizungushia. Kati ya mbao na chuma palibaki mwanya wa kupitisha kidole gumba, duara zima.

"Baba, tuliyalowesha."

Fundi hakugeuka. "Nani?"

"Mimi na yeye. Jana jioni, jua linazama. Yeye alisukuma moja, mimi jingine, mpaka kijitoni. Tukayawekea mawe yasisukumwe na maji. Hata sketi yangu ililowa, muulize mama. Unasikia wanavyosema huko nje?"

"Watu husema."

"Nicanor alikuuliza wewe. Ukanyamaza."

Baudilio alipitisha kidole kwenye ule mwanya kama mtu anayesafisha vumbi. Yeye hakuhitaji kuulizwa sketi ya nani ililowa. Alikuwa amejua tangu mlango ule ulipoingia uani. Mwezi wa Oktoba, mvua bado inanyesha, alikuwa na mbao za mcenízaro, mti wa kuchongea magurudumu, za aina mbili. Zile zilizokaa darini misimu mitatu ya jua, na zile za msimu mmoja. Kila fundi wa kwetu anajua jinsi ya kuzitenganisha: unakata kibanzi, unakitupa kwenye hori la maji. Mbao iliyokauka huelea imejiinua, nusu yake nje. Mbao ambayo bado ina maji yake ya mti huwa nzito, huzama hadi mgongo tu ndio uonekane. Alitupa kibanzi cha mbao za msimu mmoja, akakiona kinavyojilaza ndani ya maji, na akajua. Mbao ya namna hiyo ukiilowesha usiku inavimba vizuri tu, lakini kufikia saa nne jua limeshaikausha kuliko ilivyokuwa siku ulipoifunga, na pete inabaki kubwa kuliko gurudumu.

"Zile mbao zilikuwa za misimu mingapi?" Otilia aliuliza.

"Mmoja."

"Na za mkokoteni wa Don Hermenegildo?"

Don Hermenegildo ndiye mwenye kiwanda cha kahawa. Aliagiza mkokoteni wa kuonyesha kwenye sikukuu ya Mtakatifu Isidro, wenye maua na nyota za rangi, na mpaka siku ile ulikuwa umefunikwa shuka kwenye banda lake, haujabeba hata kikapu.

"Mitatu," alisema Baudilio.

"Kwa nini, baba?"

"Don Hermenegildo ni mteja. Mteja gurudumu likimfumukia, jina limekwenda. Celedonio ni mtu wa nyumbani. Nikasema, yuko hapa hapa, nitamwona kila Jumapili. Ikilegea ataniletea, nitaikata pete, nitaipunguza, nitaifunga upya. Mtu wa nje huwezi kumwambia hivyo. Mtu wa nyumbani unaweza."

"Ukamwambia?"

Kuku aliingia karakana akaanza kudonoa maranda ya mbao. Baudilio alimfukuza kwa mkono.

"Sikumwambia," alisema. "Nilitaka abebe mavuno ya msimu mmoja kwa raha, asiwe na wasiwasi."

"Hukutaka ajue umempa mbovu."

"Na hilo pia."

*

Kesho yake mchana Celedonio alimwita baba mkwe wake. Otilia alikuwa ameketi kitandani anamnywesha maji ya sukari guru kwa kijiko. Homa ilikuwa imeshuka kidogo, na mgonjwa alikuwa amejichana nywele kwa vidole, maana alimheshimu sana mzee yule.

"Baba, kaa."

"Niko sawa hapa hapa."

"Nilitaka kukuomba radhi."

Kijiko kilisimama hewani.

"Radhi ya nini?" alisema Baudilio.

"Ya gurudumu. Nimekuchafulia jina. Miaka yote hiyo hakuna gurudumu la Baudilio Quesada lililofumuka barabarani, halafu linafumuka la mkweo mwenyewe. Watu watasema pete zako mbovu."

"Hakuna anayesema hivyo."

"Mungu ashukuriwe." Akapumzika, pumzi zinamkata. "Niliyalowesha, baba, lakini niliyatoa mapema. Giza bado. Nilitaka niwahi foleni ya kiwanda. Ningeyaacha mpaka kuche, mbao zingeshiba. Nilijua, nikafanya haraka. Ni uzembe wangu. Unisamehe."

Otilia alimtazama baba yake. Alimtazama kwa nguvu zake zote, jinsi mtu anavyomtazama anayetaka kuvuka daraja bovu. Nafasi ilikuwa hapo. Haikuhitaji hotuba, ilihitaji maneno mawili tu, si wewe. Na mimi ninayesimulia namjua Baudilio, hakuwa mtu mbaya. Maneno yalimfika kooni. Lakini mtu aliyeombwa radhi wakati yeye ndiye mkosaji hupewa mlango wa kutokea, na mlango ule ulikuwa wazi, na nje ya mlango ule jina lake lilikuwa bado safi.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema.

Celedonio alifumba macho akatabasamu. "Asante, baba. Nimepata nafuu."

Otilia aliweka kikombe chini. Kilipinduka, maji ya sukari yakamwagika kwenye shuka jipya la mama yake, na hakuna aliyejali.

*

"Utamwambia lini?" Otilia alimuuliza baba yake jikoni, mbele ya mama.

"Ana homa."

"Homa haimzibi masikio. Utamwambia lini?"

"Wewe Otilia," Mama Domitila aliingilia, anapuliza moto, "punguza sauti. Baba yako ana kazi gani nyingine hapa duniani? Ana shamba? Ana duka? Ana jina lake, basi. Hilo ndilo linalotulisha sisi, ndilo litakalokulisha wewe ukirudi humu ndani."

"Kwa hiyo mama unajua."

"Najua nini? Mimi sijui mambo ya mbao." Aligeuza tortila kwa ncha za vidole. "Najua kwamba mtu anayekwenda hana hasara na jina. Sisi tunaobaki ndio wenye hasara."

"Anayekwenda ni mume wangu."

"Najua, mwanangu. Najua ni mumeo." Na hapo mama naye alianza kulia, lakini maneno yake hakuyarudisha.

Wiki ile karakana ilijaa kuliko kawaida. Ajali ilikuwa imewatia watu hofu, kila mwenye mkokoteni alitaka pete zake zikaguliwe, na kila mmoja alimtaka Baudilio. Akawa anafunga pete asubuhi hadi jioni. Aliilaza pete ndani ya duara la moto wa kuni na maganda ya kahawa mpaka ikawa nyekundu yote, maana chuma kikishika moto hutanuka, na pete iliyokuwa ndogo kuliko gurudumu ikawa kubwa kulizidi. Hapo watu watatu waliibeba kwa koleo, wakaivisha gurudumu haraka mbao zikianza kufuka moshi, na Baudilio akapaza sauti, "Maji!" Otilia na wanawake wengine wakamwaga ndoo. Mvuke ulipanda, chuma kikalia, kikajikunja kikirudia udogo wake, na mbao zikapiga kelele kwa kubanwa. Kazi ile siku zote huwa ni ya kelele na utani. Hata mwaka ule utani haukukosekana.

"Mwaga, mama, mwaga vizuri!" alisema mmoja kwa mwenzake. "Usije ukaletwa juu ya mlango."

"Wewe yako unalowesha?"

"Mimi? Kila jioni kama kanisani. Huyo mwenzetu jioni alikuwa na mengine ya kulowesha. Si unajua, bado bwana harusi."

Wakacheka. Hawakuwa wamemwona Otilia nyuma ya mvuke. Alisogea na ndoo yake iliyojaa, akasimama mbele ya aliyesema, akaimwaga yote miguuni pake, taratibu, mpaka tone la mwisho.

"Hii ya kwako," alisema. "Usikauke."

Yule mtu alivua kofia. "Otilia, ni utani tu, jamani."

Otilia alikuwa ameshageuka. Alikuwa anamtazama baba yake, aliyesimama na koleo mkononi, na kila mtu pale akadhani fundi amekasirika kwa ajili ya mkwewe. Mmoja hata akamwomba samahani. Hiyo ikawa samahani ya pili aliyoipokea isiyokuwa yake.

*

Padri alikuja siku iliyofuata. Alikaa na mgonjwa wamefungiwa mlango, kisha akatoka, akambariki kila mtu, akaondoka bila kunywa kahawa. Otilia alipoingia alimkuta Celedonio amechoka lakini mtulivu.

"Nimemwambia padri," alisema.

"Umemwambia nini?"

"Dhambi zangu zote. Zilikuwa chache, nikaona aibu." Alijaribu kucheka, kifua kikamkataza. "Halafu nikamwambia na ile ya magurudumu. Kwamba kwa haraka yangu ningeweza kumuua mtu. Fulgencio alikuwa mbele yangu, Otilia. Mkokoteni ungemfuata yeye. Amenipa kitubio, nisali Salamu Maria kumi. Nimeshafika ya sita."

Otilia alitoka pale, akavuka ua, akaingia karakana. Baudilio alikuwa anapaka grisi ekseli.

"Ameiungama," alisema. "Dhambi yako. Ameipeleka kwa Mungu kama yake, na sasa hivi anaisalia kitubio. Ukimwacha afe hivyo, baba, mimi nitakuzika siku yako ikifika, kwa sababu ni wajibu. Lakini sitakulilia."

Mzee alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayekwenda mezani. Kisha akachukua kipande kimoja cha lile gurudumu, akakitia kwapani, akaenda.

Alivua kofia mlangoni. Safari hii alikaa.

"Celedonio, nisikilize. Gurudumu lilikuwa bovu."

"Eeh?"

"Mbao zilikuwa mbichi. Za msimu mmoja. Nzuri nilimpa Don Hermenegildo. Nilijua, nikafunga pete hivyo hivyo. Ungeyalowesha mwezi mzima, yangefumuka tu. Kosa si lako, ni langu. Mimi ndiye nimekufanya hivi."

Alisema yote kwa pumzi moja, kichwa chini. Alipoinua macho alimwona mkwewe anamtazama kwa upendo ambao hakuutegemea wala hakuustahili.

"Baba," alisema Celedonio, "wewe ni mtu mwema."

"Sikiliza nilichokwambia."

"Nimesikia. Otilia amekutuma. Ameniona nina huzuni, akakwambia, kamtulize." Akamtafuta mkewe kwa macho. "Si ndiyo, mama?"

"Anasema kweli," alisema Otilia. "Celedonio, anasema kweli. Niangalie."

"Hata wewe." Akatabasamu. "Mnanipenda sana nyumba hii."

Baudilio akakitoa kile kipande, akakiweka juu ya shuka. "Tazama mbao hii. Tazama ilivyonywea. Nimepanga gurudumu zima, pete inacheza, kidole gumba kinapita."

Celedonio alikigusa. Alikuwa mwendesha mikokoteni tangu utotoni, mbao alizijua. Alikipapasa pande zote, akakirudisha.

"Imenywea, ndiyo. Gurudumu lisiloshiba maji ndivyo linavyokuwa, baba. Hata ungeniletea la Don Hermenegildo, lingekaa juani bila maji, pete ingecheza."

Na alilosema lilikuwa kweli. Mbao iliyofungwa mbichi na mbao iliyonyimwa maji hunywea sawasawa, na mwanya wa pete hausemi umetokana na nini. Ipo njia ya kuonyesha tofauti. Unalowesha kipande kibichi na kikavu usiku mmoja, unavianika pamoja, unarudia, na baada ya siku kadhaa kile kibichi kinazidi kupungua wakati kikavu kimesimama palepale. Lakini mbao haina haraka, hukauka kwa muda wake.

"Nitakuonyesha," alisema Baudilio, na sauti ilikuwa imeshaanza kumpasuka. "Nitalowesha viwili leo. Nitavianika hapo dirishani, utaona kwa macho yako."

"Nitaona, baba."

"Usinijibu kama mtoto!"

"Sikujibu kama mtoto. Nakushukuru." Aliuchukua mkono wa mzee, wenye grisi bado kwenye kucha, akauweka juu ya wake. "Mtu anajitwika kosa la mwenzake ili mwenzake afe vizuri. Sijawahi kuona. Nitamwambia Mungu habari zako. Na wewe Otilia, nikiondoka, umshukuru baba kwa niaba yangu."

Baudilio alipiga magoti kando ya kitanda akalia kwa sauti. Celedonio akawa anampigapiga mgongoni, polepole, na kumwambia basi, baba, basi. Otilia alisimama pale ukutani akiwatazama, mume wake anambembeleza aliyemuua.

Vile vipande viwili viliwekwa dirishani kweli. Vilikuwa bado vina unyevu Celedonio alipokata roho, asubuhi, wakati wenzake wanapita barabarani na kahawa. Mmoja mmoja walivua kofia mbele ya nyumba, na maksai wakapunguza mwendo wenyewe.

*

Kwetu marehemu husaliwa rozari siku tisa, na siku ya tisa ndiyo kubwa. Watu hujaa, hupewa kahawa na mikate ya mahindi ya jibini, na mwenye la kusema juu ya marehemu husema. Walikuja wengi, hata Nicanor kwa niaba ya kiwanda. Ña Eduviges (Ña kwetu ni Bi), mwanamke aliyeongoza sala, alipomaliza sala ya raha ya milele, Fundi Baudilio alisimama. Kwa watu waliomjua hilo peke yake lilikuwa ajabu.

"Nina neno," alisema. "Celedonio hakuwa mzembe. Alilowesha magurudumu yake, binti yangu alikuwepo. Mbao zilikuwa mbichi, na mimi nilijua. Nzuri nilimpa tajiri, mbovu nikampa mtoto wangu. Gurudumu langu ndilo lililomuua. Naomba kila mtu aliyemwita mvivu alifute neno lake, na aniite mimi ninavyostahili."

Mama Domitila alifunika uso kwa shali. Kisha Ña Eduviges akaanza kufuta machozi.

"Jamani," alisema, "mmewahi kuona baba mkwe kama huyu?"

"Hajiwezi kwa uchungu," alinong'ona mwingine.

"Ndiyo mapenzi hayo. Anamsafisha marehemu."

"Sisafishi mtu!" Baudilio alipaza sauti. "Nawaambia kilichotokea. Otilia, waambie!"

Otilia alikuwa ameshika sinia la vikombe. "Ni kweli," alisema. "Tuliyalowesha sisi wawili. Yote aliyosema baba ni kweli."

Ña Eduviges alimkumbatia pamoja na sinia lake. "Ndivyo anavyotakiwa mke, mwanangu. Umtetee mumeo hata kaburini." Wanawake wawili walikuwa wanalia sasa, na Fulgencio naye.

Nicanor alisimama, akamwendea fundi, akamshika bega.

"Mkokoteni mpya wa kiwanda," alisema kwa sauti ya chini, ya heshima, "nitamwambia Don Hermenegildo usiagizwe kwa mtu mwingine. Mikokoteni yote. Mtu wa moyo kama wako hawezi kutufungia pete mbovu."

"Nimekwambia nimemuua mtu."

"Tunajua, fundi. Tunajua. Nenda ukapumzike."

Na mmoja baada ya mwingine wakaja kumpa mkono. Aliyemwagiwa maji miguuni alikuja pia, akampa mkono kwa mikono miwili. Baudilio alisimama akiipokea yote, hana pa kuikimbilia. Jina alilolilinda kwa kunyamaza lilikuwa limemng'ang'ania, na sasa hata kwa kusema alishindwa kulivua.

Watu walipopungua, Otilia alipita kugawa kahawa iliyobaki. Alimfikia baba yake, akampa kikombe, akageuka aende.

"Otilia," alisema mzee. "Wewe unaniamini?"

Alisimama, sinia tupu limeegemea kiunoni.

"Nakuamini, baba," alisema. "Mimi peke yangu."

Akaenda kukaa upande wa pili wa chumba, karibu na mlango, na wasia pekee aliokuwa nao kutoka kwa mumewe ulikuwa ni kumshukuru huyo mzee, na hakuweza.